Kupanda ni Siku Moja, Kupalilia ni Miaka

 Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulisifu lakini wachache hulichunguza, nalo ni kazi ya kujitolea katika misitu yetu. Kila msimu wa mvua tunaona picha magazetini za watu wamevaa fulana za rangi moja, wameshika majembe mapya, wamezunguka mche mmoja. Picha hizo ni nzuri. Lakini swali langu leo ni hili: mvua ikiisha, na fulana zikifuliwa na kukunjwa, nani hubaki na ule mche?

Ili nisizungumze hewani tu, nitachukua mfano wa Msitu wa Karura, ulio hapa Nairobi baina ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu. Nimeuchagua kwa sababu mkazi yeyote wa jiji hili anaweza kupanda matatu akaufikia, akatembea, na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Tena nimeuchagua kwa sababu kisa chake kina mafunzo ya utamu na ya uchungu.

Karura ni msitu wa serikali. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Umezungukwa na mitaa ya watu wenye uwezo, kama vile Muthaiga, Runda na Gigiri, na hapo hapo umepakana na makazi ya watu wa kipato cha chini, kama vile mji wa Huruma. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wazee husimulia kwamba yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau.

Katika miaka ya tisini msitu huo ulikuwa ukingoni mwa kaburi. Sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kimya kimya ili wajenge majumba. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka 1977, walianza kwenda huko na miche yao. Tarehe 8 Januari 1999 walipofika langoni kupanda mti walivamiwa na genge la watu wenye silaha za jadi. Profesa alipigwa kichwani akatoka damu, na alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, dunia nzima ikasikia, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Kisa hicho wengi wenu mnakifahamu. Nakitaja kwa sababu moja tu. Wale akina mama waliobeba miche siku zile hawakulipwa kwenda Karura. Walijitolea, na kujitolea kwao kulihatarisha maisha. Kwa hiyo tunapolitumia neno hilo leo kwa kazi ya asubuhi moja yenye chai na mandazi, tukumbuke kwamba lina historia nzito katika msitu huu.

Lakini kuokoa ardhi isinyakuliwe ni jambo moja, na kuufufua msitu wenyewe ni jambo jingine. Baada ya 1999 Karura ilibaki ya umma, ila umma wenyewe haukuthubutu kuingia. Ilikuwa pori la hofu. Watu wa jiji walisimuliana habari za magari ya wizi na maiti kutupwa humo. Wakata miti na wachoma makaa ndio waliokuwa wenye nyumba.

Mabadiliko yalikuja na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, ziliwaruhusu wananchi waishio karibu na msitu kuunda chama cha jamii na kutia mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ili wausimamie pamoja. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha Marafiki wa Karura. Majirani na makampuni wakachanga fedha, ua wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji vya jirani wakafunzwa na kuajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa wananchi. Leo ukienda asubuhi ya Jumapili utakuta mama anasukuma kigari cha mtoto pale pale ambapo zamani mtu mzima hakupita pekee.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuingie ndani zaidi, kwa maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mtu akiingia Karura mara ya kwanza huona miti mirefu na kijani kila mahali, akasema, msitu huu umepona. Lakini si kila kijani ni afya. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi, ile tunayoiita bluu gamu, tangu enzi za ukoloni, ili kupata kuni za kuendeshea magarimoshi ya reli ya Uganda iliyofika Nairobi mwaka 1899. Mkaratusi asili yake ni Australia. Hukua upesi, hunywa maji mengi, na ukiukata huchipuka tena kutoka kwenye kisiki. Chini yake mimea ya kienyeji haistawi vizuri, na ndege na wanyama wetu hawapati chakula cha maana.

Kwa hiyo mpango wa kuurudisha msitu katika hali yake ni kuiondoa mikaratusi hatua kwa hatua, kipande kwa kipande, na kupanda miti ya asili: muhuhu, ule mti mgumu unaopendwa na wachongaji vinyago, mukinduri, muthiga, ambao gome lake ni kali mdomoni kama pilipili na ni dawa ya kifua tangu zamani, mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwituni, na mugumo.

Maelezo hayo ni mepesi mdomoni. Shida ni kwamba mkaratusi ukianguka, jua hupiga ardhi. Na jua likipiga ardhi, wa kwanza kuota si muhuhu. Muhuhu ni mti wa subira, hukua polepole mno. Wa kwanza kuota ni lantana.

Lantana mnaijua hata kama hamjui jina lake. Ni kile kichaka chenye maua madogo ya manjano, chungwa na waridi katika shada moja, chenye majani makwaruzo na harufu kali. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ililetwa kama pambo la bustani na ua wa nyumba. Ndege hula matunda yake meusi na kupanda mbegu kila wanapotua. Ukiikata kwa panga juu ya ardhi umeipogoa tu, itarudi na matawi mara mbili. Ikishajifunga inakuwa ukuta ambao hata mbwa hapenyi, na mche wa asili ulio chini yake hufa kwa kukosa mwanga.

Jumamosi moja nilijiunga na kundi la watu waliokuja kung'oa lantana. Tulikuwa kama watu thelathini: wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao, wafanyakazi wa benki, mzee mmoja mstaafu aliyekuja na jembe lake mwenyewe kutoka nyumbani, na mimi. Msimamizi wetu alikuwa kijana wa chama cha msitu. Alituonyesha jinsi ya kulikata shina, kuchimba kuzunguka kisiki, kukatisha mzizi mkuu, kisha kukigeuza kisiki mizizi itazame juu ili jua liikaushe. Baada ya saa tatu mikono yangu ilikuwa na malengelenge na tulikuwa tumesafisha eneo ambalo, nikilipima kwa macho, halikuzidi uwanja wa mpira wa vikapu.

Wanafunzi walisikitika. Mmoja wao akamwuliza yule kijana, "Kaka, sasa tumemaliza hapa?" Naye akacheka, akamjibu, "Hapa mtarudi baada ya mvua. Halafu mrudi tena mwaka ujao. Mbegu bado ziko ardhini, zinawasikiliza tu."

Hapo, msikilizaji, ndipo nilipoielewa hesabu ya jambo hili. Kuchimba shimo na kutia mche ni kazi ya dakika tano. Kuupalilia mche huo usimezwe na lantana ni kazi ya miaka miwili, mitatu au zaidi, mpaka utakapojitengenezea kivuli chake mwenyewe. Mti ukishapata kivuli unajilinda, kwa sababu lantana hupenda jua. Ndiyo kusema kwamba kila mche tunaopanda ni deni tunaloandika. Ukipanda miche elfu moja bila mpango wa kupalilia, umeandika deni elfu moja na kwenda zako.

Nchi yetu ina shabaha ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya taifa zima ili watu wapande miti, na tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua watu wengi, ikatangazwa siku nyingine ya kuwakumbuka marehemu kwa kupanda miti. Siwezi kuzibeza siku hizo. Mtoto aliyepanda mti akiwa na miaka saba atakumbuka. Lakini sijasikia bado sikukuu ya kitaifa ya kupalilia. Sijasikia waziri akiitisha waandishi wa habari baada ya miezi kumi na minane ili waje kuhesabu miche iliyo hai na iliyokufa. Na sisi waandishi hatuna budi kujiuliza kwa nini tunakwenda na kamera siku ya shimo tu.

Basi hilo ndilo la kwanza nililotaka kusema: msaada mkubwa wa watu wa kujitolea si kupanda, ni kurudi.

La pili ni gumu zaidi. Nani anaweza kujitolea?

Ukiwatazama watu wanaojaza Karura siku za mwisho wa juma utaona magari mazuri yamepangwa langoni. Mtu anayefanya kazi siku tano na kulipwa mshahara mzuri ana Jumamosi ya kuigawa. Lakini mama anayeuza mboga, Jumamosi ndiyo siku yake ya soko. Kijana asiye na ajira ana muda mwingi, ndiyo, lakini akiombwa afanye kazi bure wakati nyumbani hakuna unga, je, huko ni kujitolea au ni kunyonywa kwa lugha ya heshima?

Nilizungumza na mama mmoja wa Huruma niliyemkuta na mzigo wa kuni kavu. Wanawake wa jirani huruhusiwa, kwa utaratibu maalumu, kuokota kuni zilizoanguka. Nilimsalimu, "Shikamoo mama," akaitika. Nikamwuliza anawaonaje hawa wanaokuja na glavu kung'oa magugu. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao ni watu wazuri. Lakini sisi tulikuwa hapa wakati hawa wanaogopa kuingia. Tulipoona watu wenye misumeno usiku, ni sisi tuliopeleka habari. Hiyo haikuitwa kazi ya kujitolea. Iliitwa kukaa."

Maneno hayo nimetembea nayo siku nyingi. Yule mama hana fulana ya chama wala cheti cha kushiriki. Lakini jicho lake limeulinda msitu miaka yote. Mpango wowote wa kujitolea usiomhesabu mtu kama huyo una kasoro. Hasa ndiyo sababu naona Karura ilifanya vyema ilipowaajiri vijana wa vijiji vya jirani kuwa walinzi na wafanyakazi wa vitalu, wakalipwa, badala ya kuwataka wajitolee. Mwenye uwezo ajitolee, asiye na uwezo aajiriwe, na wote wawili wafanye kazi bega kwa bega. Hivyo ndivyo msitu unavyopata marafiki katika pande zake zote, si upande wa Muthaiga pekee.

Tena jambo hili si geni kwetu. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, Wajaluo wana saga. Majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo, na kesho la mwingine. Na mna sharti mbili ambazo kila mkulima anazijua. Kwanza, mwenye shamba hutangulia kufika shambani. Hawezi kulala nyumbani majirani wakimlimia. Pili, mwenye shamba huwapikia waliokuja, na kesho huchukua jembe lake kwenda kwa wenzake. Ujima wetu haukuwa sadaka. Ulikuwa mkopo wa jasho.

Tukiyachukua masharti hayo tukayaweka juu ya msitu wa umma, tunafika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo lililotia moto mazungumzo katika mwaka 2025.

Shamba hili la Karura ni letu sote, lakini msimamizi tuliyemweka ni serikali kupitia KFS. Kwa miaka mingi ada ya kiingilio langoni ilisimamiwa kwa ushirikiano wa KFS na chama cha jamii. Fedha hizo ndizo zilizolipa walinzi, zikatengeneza ua, zikachimbua njia na kununua miche. Mwezi wa Agosti 2025 KFS ilitangaza kwamba malipo yote yatapitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura wakapinga, wakihofia kwamba fedha za msitu zikishaingia katika kapu kuu hazitarudi msituni kwa wakati, na kwamba mkataba wa usimamizi wa pamoja umevunjwa. Wananchi wengi wakapaza sauti, na suala hilo likafika mahakamani.

Mimi si hakimu, na kesi ya mahakamani huamuliwa mahakamani. Lakini nina la kusema kuhusu maana ya jambo hilo kwa mtu anayejitolea.

Serikali ina hoja yake, na tuisikilize bila dharau. Karura ni mali ya Wakenya wote, hata wa Turkana na wa Taita ambao hawajauona. Fedha za mali ya umma zinapaswa kukaguliwa na kuonekana katika vitabu vya umma. Hakuna chama, hata kiwe cha watu wema namna gani, kinachoweza kujifanya mwenye shamba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo linahusu pande zote mbili.

Lakini serikali nayo ielewe jambo moja. Watu wanaotoa jasho lao bure hulitoa kwa sababu wanaona linakokwenda. Yule mstaafu mwenye jembe hulipa kiingilio, kisha hung'oa lantana saa tatu, na akirudi mwezi ujao huona mlinzi yupo, ua umesimama, na miche mipya imeletwa mahali alipopasafisha. Huo ndio mshahara wake. Akirudi akakuta mlinzi hajalipwa miezi miwili, ua umekatwa, na lantana imerudi kwa kuwa miche haikununuliwa, hatagoma wala hataandamana. Atakaa nyumbani tu. Na mtu wa kujitolea akikaa nyumbani, hakuna barua ya kumwita kazini wala mshahara wa kumkata.

Ndiyo maana nasema kazi ya kujitolea si bure. Inahitaji msimamizi anayelipwa, glavu, majembe, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa kuandika nani alifanya nini wapi. Ukiondoa fedha hizo ndogo ukidhani umeweka akiba, umepoteza nguvukazi ambayo huwezi kuinunua tena. Kwa maoni yangu, fedha zipite mtandaoni au zipite mfukoni, sheria na mkataba viseme wazi kwamba kinachokusanywa katika lango la msitu kihudumie msitu kwanza, hesabu zibandikwe pale langoni kila robo mwaka, na jamii iwe na sauti katika matumizi. Hapo tutakuwa tumetimiza sharti la ngwatio: mwenye shamba katangulia shambani.

Kuna mifano mingine ya kutupa moyo. Kule Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Pale mtu akipanda mkoko anajua mtoto wake atasomea wapi jasho lake. Wapo pia wanaojitolea kwa macho tu. Hapa Nairobi chama cha Nature Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909, kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Yalianza mwaka 1971, na Bibi Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa takriban nusu karne. Hebu fikiria, Jumatano baada ya Jumatano, miaka nenda miaka rudi, bila kupanda hata mche mmoja. Lakini watu walioanza pale kama wageni wasiojua kunguru na kozi wamekuwa wataalamu na watetezi wa misitu yetu. Huko nako ni kuupalilia msitu.

Na matunda ya uvumilivu yanaonekana. Mbega, yule kima mweusi mwenye joho jeupe mabegani, alikuwa ametoweka Karura kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2014 mbega waliokuwa wakigombana na wakulima huko Kipipiri walihamishiwa Karura kwa makundi, zaidi ya mia moja kwa jumla. Leo unaweza kuwaona wakiruka juu ya miti. Mbega hula majani na huishi juu ya miti. Hakai mahali ambapo hakuna miti ya kumlisha na kumbeba. Kila mukinduri unaosalimika na lantana ni chumba kimoja zaidi katika nyumba yake.

Kabla sijafunga, wacha niseme machache kwa yule msikilizaji ambaye anajiuliza, je, mimi nifanye nini?

Kwanza, ukitaka kujitolea usiende kivyako na panga. Uliza ofisi ya msitu au chama cha jamii cha msitu ulio karibu nawe, iwe ni Karura, Msitu wa Ngong Road, bustani ya miti ya Arboretum, au msitu wa kijijini kwenu. Mtu asiyejua anaweza kung'oa mche wa muhuhu akidhani ni gugu. Vaa suruali ndefu, viatu vya kufunika na glavu.

Pili, chagua kazi moja na mahali pamoja, na urudi. Ni afadhali watu kumi wanaorudi kila mwezi katika kipande kimoja kuliko watu elfu moja wanaokuja mara moja. Makampuni yanayopenda kupiga picha yatenge fungu la kupalilia kwa miaka mitatu kabla ya kununua mche wa kwanza. Na mwalimu mwenye klabu ya mazingira awape wanafunzi wake kipande cha msitu wanapojiunga na shule, wakihitimu wakiache kimekuwa kivuli.

Tatu, uliza hesabu. Mpanda miti akikuambia amepanda elfu kumi, mwulize mingapi iko hai. Msimamizi akikuambia fedha zinatumika vizuri, mwambie akuonyeshe. Kujitolea hakukuondolei haki ya kuuliza, kunakuongezea.

Nne, mkumbuke yule mama wa kuni. Ukipita njiani umsalimu. Ukikaa katika kamati mpe kiti. Msitu ambao jirani yake ana njaa na hana sauti hauna ua wa kutosha, hata ua huo uwe na umeme kiasi gani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wakazi wa jiji tumekuwa wageni katika misitu yetu kwa muda mrefu. Tunakuja kupumzika, kukimbia, kupiga picha, kula na kuondoka. Siku mbili zetu zimekwisha. Mvua za msimu ujao zikinyesha miche itapandwa kwa maelfu, na vyombo vya habari tutakuwapo. Lakini mbegu za lantana nazo ziko ardhini, zinangoja mvua hiyo hiyo, nazo hazihitaji kualikwa.